Risasi Isiyo na Mlio: Yaliyotokea Owino Uhuru

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Leo tutazungumza kuhusu sumu ambayo huioni ndani ya maji, huinusi hewani, na mtoto anaweza kuila kila siku huku akicheza na kucheka.

Sumu hiyo ni risasi. Kiswahili chetu kina neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni ile ya bunduki, na risasi pia ni madini mazito, laini, ya rangi ya kijivu, ambayo risasi ya bunduki hutengenezwa kwayo. Mvuvi huyajua madini haya, kwa maana huyayeyusha kwa moto wa kawaida akatengeneza chubwi ya mshipi wake. Mwenye gari pia anayo bila kujua, kwa sababu zaidi ya nusu ya uzani wa betri ya gari ni risasi. Risasi ya bunduki hulia, ukakimbia. Hii nyingine haina mlio.

Leo sitaanza na dawa wala na chakula. Nitaanza na historia, tena historia ya hapa hapa kwetu Pwani. Nataka ujue serikali ilifanya nini watoto walipopata sumu, ilichelewa wapi, na ni nani waliyoiamsha.

Owino Uhuru ni kijiji cha watu wa mapato ya chini, upande wa Jomvu, Mombasa. Watu kama elfu 3 hivi. Nyumba za mabati na udongo zimebanana, watoto wanacheza nje ya mlango, kuku na mbuzi wanatembea katikati. Mwaka wa 2007 kiwanda kilikuwa kimeanza kazi ukutani mwa kijiji hicho. Kwenye kesi kiliitwa Metal Refinery EPZ. Kazi yake ilikuwa kuvunja betri kuukuu za magari, kuyeyusha risasi iliyomo na kuiuza nje ya nchi. Watu walifurahi. Kiwanda ni kazi, na kazi ni unga.

Lakini kuyeyusha risasi hutoa moshi na vumbi. Vumbi hilo huanguka juu ya paa, juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya udongo anaochezea mtoto. Maji machafu ya kiwanda nayo yalipita kijijini. Wakaazi walianza kulalamika: kikohozi kisichoisha, macho kuwasha, tumbo kuuma, mimba kuharibika, kuku na mbuzi kufa, mabati kutoboka kabla ya wakati wake.

Sasa jiulize, je, sheria haikuwepo? Ilikuwepo. Kenya ilipitisha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira mwaka wa 1999. Sheria hiyo iliunda mamlaka ya mazingira tunayoijua kwa jina la NEMA. Inasema kwamba kabla ya kiwanda kama hiki kuanza kazi, lazima athari zake kwa watu na mazingira zichunguzwe, na wakaazi waulizwe. Serikali yetu pia haikuwa ngeni kwa hatari ya risasi. Kufikia mwanzoni mwa mwaka wa 2006, Kenya pamoja na nchi nyingine za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa zimeacha kuuza petroli iliyotiwa risasi, ili kuwalinda watoto. Yaani tuliifukuza risasi kwa mlango wa mbele, nayo ikaingia kwa mlango wa nyuma.

Mwaka wa 2009 kiwanda hicho kilimwajiri mama mmoja kijana, Phyllis Omido. Kazi yake ilikuwa kuelewana na jamii na kushughulikia stakabadhi za mazingira. Wataalamu aliowaleta wachunguze athari walisema kiwanda hakifai kuwa karibu na makaazi ya watu. Ushauri huo haukufuatwa. Muda si mrefu mtoto wake mchanga akaugua. Joto likapanda, akaharisha, hakulala. Alipimwa malaria, hakuna. Akapimwa homa ya matumbo, hakuna. Mwishowe damu yake ikapimwa risasi, ikapatikana kwa wingi.

Mama, hapa nataka usimame nami kidogo. Ni watoto wangapi tunaowapa dawa ya malaria bila kipimo, wasipopona tunaongeza nyingine? Mtoto akishikwa na degedege, wengine huku kwetu husema ni shetani. Mimi mwenyewe, nilipokuwa chuoni, sumu ya risasi tuliisoma kwa ukurasa mmoja tu na tukaendelea. Nilipoanza kazi kliniki sikuwahi kumwuliza mama, "Nyumba yako iko karibu na nini?" Siku hizi nauliza. Swali hilo halina gharama.

Turudi Owino Uhuru. Phyllis aliacha kazi. Watoto wengine watatu wa kijijini walipimwa, nao pia wakapatikana na risasi. Hapo malalamiko yakawa na karatasi ya hospitali. Pamoja na wakaazi aliandika barua, akabisha milango ya ofisi, akaanzisha shirika la kutetea haki na mazingira. Katiba mpya ya mwaka wa 2010 iliwapa nguvu nyingine. Kifungu cha 42 kinasema kila mtu ana haki ya mazingira safi na yenye afya. Hata hivyo, mwaka wa 2012 wakaazi walipoandamana, jibu la kwanza la serikali lilikuwa polisi. Phyllis alikamatwa akashtakiwa kuwa amechochea watu. Mahakama ilimwachilia, ikaona hakuvunja sheria.

Kiwanda kilifungwa mwezi wa Januari mwaka wa 2014. Hesabu mwenyewe, ni zaidi ya miaka sita tangu moshi uanze. Mtoto aliyezaliwa siku kilipofunguliwa alikuwa ameshaingia shule.

Baada ya hapo serikali ilianza kusogea. Kamati ya afya ya Bunge la Seneti ilichunguza malalamiko ya wakaazi. Mwaka wa 2015 wataalamu wa afya walipima damu ya watoto wa chini ya miaka mitano, 130 kutoka Owino Uhuru na 65 kutoka Bangladesh, kijiji kingine cha Mombasa kilicho mbali na kiwanda. Wastani wa Owino Uhuru ulikuwa mikrogramu 7.4 za risasi katika kila desilita ya damu. Wa Bangladesh ulikuwa 3.7, nusu yake. Udongo nao ulipimwa. Wa Owino Uhuru ulikuwa na risasi zaidi ya mara kumi kuliko ule wa Bangladesh.

Kumbuka, wakati huo kiwanda kilikuwa kimefungwa zaidi ya mwaka mmoja. Moshi ulikuwa umekwisha, lakini udongo ulikuwa bado pale pale, na watoto walikuwa bado wanauchezea. Risasi haiozi kama ganda la ndizi. Kufunga lango la kiwanda ni mwanzo wa tiba tu.

Mwaka wa 2016 wakaazi walikwenda mahakamani. Tarehe 16 Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua kwamba haki zao zilivunjwa. Iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 na kuamuru udongo usafishwe. Mahakama iligawa lawama pia. Kiwanda kilibebeshwa asilimia 25. NEMA, iliyowekwa kuwalinda wananchi, ilibebeshwa asilimia 40. Wizara ya afya na ile ya mazingira nazo hazikuachwa nje. Yaani mlinzi alilaumiwa kuliko mwizi, kwa sababu mlinzi ndiye aliyeajiriwa kukesha.

Haikuishia hapo. Mwaka wa 2023 Mahakama ya Rufaa iliiondoa hesabu ile ya fidia na kuagiza jambo hilo lisikizwe upya. Wakaazi wakapanda hadi Mahakama ya Juu. Mwezi wa Desemba mwaka wa 2024, Mahakama ya Juu ikairudisha fidia ya shilingi bilioni 1.3. Tangu kiwanda kianze hadi siku hiyo ni kama miaka 17. Mtoto aliyekuwa mgongoni alikuwa sasa ni kijana wa kupata kitambulisho.

Kwa nini nakusimulia haya yote? Kwa sababu pesa ya mahakama, hata ikiwa nyingi namna gani, hairudishi akili ya mtoto iliyokwisha kudhurika. Hebu tuone risasi inavyofanya kazi.

Ikiingia mwilini, risasi hujifanya kama madini mazuri ya chokaa, yale ya maziwa na dagaa yanayojenga mifupa. Mwili hudanganyika, ukaihifadhi ndani ya mifupa na meno kwa miaka mingi. Huzuia damu kutengenezwa, mtoto akapungukiwa na damu. Huingia kwenye ubongo unaokua, mtoto akawa mzito wa kujifunza, hatulii, hakumbuki. Mtoto mdogo hufyonza risasi mara nne hadi tano kuliko mtu mzima, naye ndiye anayetambaa chini na kutia vidole mdomoni. Mama mja mzito aliyekula risasi zamani anaweza kumpa mtoto aliye tumboni, kwa maana mimba huchota madini kutoka kwenye mifupa ya mama. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Damu ikifika mikrogramu 5 kwa desilita, linashauri chanzo kitafutwe na kiondolewe.

Dalili zake hufanana na za magonjwa mengine: tumbo kuuma, kufunga choo, kutapika, uchovu, kukosa hamu ya chakula, hasira, na ikizidi sana, degedege. Mara nyingi hakuna dalili yoyote. Ndiyo maana kipimo cha damu ni muhimu kwa mtoto anayekaa karibu na hatari.

Basi ufanye nini wewe mama, wewe mlezi?

Kwanza, angalia kilicho karibu na nyumba yako. Kuna mahali wanapovunja betri? Kuna jua kali wanaoyeyusha vyuma? Mzee wa nyumba anayeyusha chubwi jikoni? Mwambie kwa upole afanye kazi hiyo mbali na watoto na mbali na sufuria za chakula. Akirudi kutoka kazi ya betri au ya kupaka na kukwangua rangi, aoge na kubadilisha nguo kabla ya kumbeba mtoto. Nguo hizo zifuliwe peke yake.

Pili, mnawishe mtoto mikono kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kulala. Viatu vya nje viachwe mlangoni. Pangusa sakafu kwa kitambaa kilicholowa, usifagie kavu na kupeperusha vumbi. Usitumie ganda la betri kuukuu kuwa chombo cha kuwekea maji au kupandia mboga. Rangi ya zamani inayobambuka ukutani, mtoto asiile.

Tatu, mlishe vizuri. Mwili wenye njaa hufyonza risasi zaidi. Dagaa, maziwa, maharagwe, kunde, mchicha, na chungwa au embe baada ya chakula humsaidia. Chakula hiki hakitoi sumu iliyokwisha kuingia, lakini huiwekea kizuizi.

Nne, usimwachishe mtoto maziwa ya mama kwa sababu ya hofu. Kwa mama wengi maziwa yao bado ndiyo chakula bora. Ukishuku umepata risasi, nenda kituo cha afya mpimwe wewe na mtoto, kisha upewe ushauri. Na usinunue dawa za mitaani za kusafisha damu. Dawa halisi ya kutoa risasi hutolewa hospitalini, kwa kiwango cha juu tu, na haifai kitu ikiwa mtoto atarudi kwenye udongo ule ule.

Tano, na hili ndilo somo la Owino Uhuru, usilalamike peke yako, na usilalamike kwa mdomo tu. Andika tarehe. Andika ni watoto wangapi wanaugua na wanaugua nini. Weka kila karatasi ya hospitali. Mwambie mhudumu wa afya wa mtaa wako, kisha afisa wa afya ya umma wa kaunti, kisha NEMA, na ubaki na nakala ya barua iliyopigwa muhuri. Kiwanda kikitaka kujengwa karibu nanyi na mkiitwa mkutanoni, nendeni. Mama wengi hukosa mikutano hiyo kwa sababu ya jiko na watoto. Mkabidhiane watoto, wengine waende.

Serikali ilikuja Owino Uhuru, lakini ilikuja ikivutwa mkono. Iliyovuta ni mikono ya akina mama kama wewe, wenye karatasi ya damu ya mtoto. Sheria sasa tunayo, Katiba tunayo, na uamuzi wa mahakama ya juu kabisa tunao. Mtoto wa kesho hana haja ya kungoja miaka 17.

Leo jioni, kabla hujalala, zunguka nyumba yako mara moja. Tazama chini, tazama juu ya paa, tazama mtoto anapochezea. Ukiona usichokielewa, njoo kliniki uniulize. Mungu awalinde watoto wetu, na sisi tuwalinde pia.