Kila Kipimo Kina Kwao

Mwaka wa 1972, daktari wa wazee huko Uingereza aitwaye Hodkinson alichapisha kipimo kifupi cha kumbukumbu, maswali kumi tu. Una miaka mingapi? Vita Vikuu vya Kwanza vilianza mwaka gani? Nani anatawala Uingereza? Hesabu kutoka 20 ukirudi nyuma hadi 1. Kwa mzee wa London wa siku zile, 1914 haikuwa somo la darasani. Aliuishi mwaka huo. Akiusahau, kuna shida.

Mwaka wa 1975, Wamarekani Marshal Folstein, Susan Folstein na Paul McHugh wakaleta Mini-Mental, yenye alama 30. Humo unatoa 7 kwenye 100, unatoa 7 tena, unaandika sentensi, unanakili pembetano mbili zilizopishana. Kikasambaa dunia nzima.

Shosho wangu alipewa kipimo cha aina hiyo kwenye kliniki moja hapa Nairobi. Shule hajawahi kuingia. Kalamu aliishika kama mwiko. Akapata 13, na kabla ya jioni wajomba walikuwa wanajadili shamba lake, yeye amekaa pale pale akisikia kila neno.

Sasa hiyo 13 ilipima nini, ubongo ama shule?

Swali hili si geni. MoCA, kipimo kilichotoka Montreal na kuchapishwa 2005, humwongezea alama moja mtu aliyesoma miaka 12 au chini. Moja tu, hata kama hukuiona slate. Kipimo hicho hicho kinataka uchore saa, mshale mfupi ukiwa umepita 11 kidogo na mrefu kwenye 2. Kwetu hiyo ni saa tano na dakika kumi. Mtafsiri akiteleza aseme "saa kumi na moja na dakika kumi", mzee mwenye akili timamu atachora saa ya jioni, na atahesabiwa amekosa.

Kuna waliopita njia nyingine. Kathleen Hall na Hugh Hendrie walitengeneza kipimo chao wakifanya kazi na Wakrii wa Kanada, kisha kikatumika Ibadan, Nigeria. Hicho humuuliza mzee, halafu kinamuuliza pia mtu anayeishi naye: nini kimebadilika? Baadaye, wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti wa Tanzania na Uingereza wakaweka kalamu kando kabisa. Mzee anapanga njiti za kiberiti kufuata mfano, anataja wanyama kwa dakika moja, anasema kiongozi wa kijiji ni nani.

Daktari wa pili tuliyemwendea alimgeukia anti, anayeishi na shosho. Anti akanyamaza kwanza. Kisha akasema: shosho ameuza mayai sokoni maisha yake yote, na siku hizi anampa mteja mmoja chenji mara mbili. Mwezi uliopita alipotea njia ya kisimani.

Kwa hivyo dimenshia ilikuwepo. Lakini ile 13 haikuiona. Jirani yake ambaye hakusoma angeweza kupata 13 akiwa mzima kabisa. Chenji ndiyo iliyosema.

Daktari alituambia jambo moja zaidi: asubuhi shosho huwa na akili safi, na mambo yake aulizwe yeye mwenyewe, asubuhi. Wajomba waliulizia shamba Jumamosi, saa mbili, chai ikiwa mezani. Shosho alisema haliuzwi.