Lulu: Mwali Aliyekulia Sebuleni Kwetu

Leo tuache siasa kidogo, tuzungumze historia ya juzi juzi. Ile ambayo bado haijaingia vitabuni lakini kila mtu kijiweni anadhani anaijua.

Kwa sisi tuliokulia Morogoro mwanzoni mwa miaka ya 2000, jioni ya ITV ilikuwa ni Kaole. Nyumba ikiwa na runinga, basi watoto sakafuni, wakubwa kwenye makochi, waliochelewa dirishani. Kaole Sanaa Group ndiyo iliyomtoa Steven Kanumba, ndiyo iliyomtoa Ray. Na katikati ya wakubwa hao kulikuwa na katoto ka kike tulikokajua kwa jina moja tu, Lulu. Jina lake hasa ni Elizabeth Michael. Ni rika letu kabisa, na nadhani ndiyo maana hadithi yake inanigusa kuliko za mastaa wengine.

Sasa twende mlimani kidogo. Bibi zetu wa Matombo na Mgeta walikuwa na utaratibu wao. Binti akivunja ungo anawekwa ndani, anakuwa mwali. Zamani angeweza kukaa miezi mingi, anafundwa, haonekani ovyo, mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma. Unaweza kuubishia utaratibu huo (mimi ningeanza na suala la shule), lakini ulijua jambo moja: kuna kipindi mtu si mtoto na si mtu mzima, na kipindi hicho si cha kutazamwa na kila mpita njia. Halafu Waluguru wanahesabu ukoo kwa mama, kwa hiyo kuna mjomba ambaye neno lake ni zito. Mtoto akipatwa na jambo, yupo mtu wa kuulizwa.

Lulu alikipita kipindi hicho mbele ya kamera. Kaole ilipofifia na Bongo Movie ikashika kasi, kanda zikiuzwa Msamvu na kuoneshwa kwenye mabasi ya Dar, katoto kakawa kasichana, kakaanza kupewa nafasi za wapenzi wa watu. Magazeti ya udaku yakamkalia. Hajafika hata miaka 18, lakini kurasa za mbele alishazizoea. Mjomba wake katika dunia ile alikuwa nani? Prodyuza? Mhariri? Sisi wanunuzi?

Kisha ukaja usiku wa tarehe 7 Aprili 2012. Kanumba alifariki akiwa na miaka 28, nyumbani kwake Sinza, na aliyekuwa naye chumbani ni Lulu. Akashtakiwa kwa mauaji, Kisutu. Hapo ndipo nchi nzima ikaanza kubishana kuhusu kitu ambacho hatukuwahi kukiuliza tulipokuwa tunamwangalia: ana miaka mingapi? Hati ya mashtaka ilisema 18. Mawakili wake wakasema hapana, amezaliwa 16 Aprili 1995, ni mtoto kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na kesi yake iendeshwe kama ya mtoto. Piga hesabu mwenyewe. Kwa tarehe hiyo, usiku ule zilikuwa zimebaki siku tisa atimize 17. Suala la umri likapanda Mahakama Kuu, likaenda mpaka Mahakama ya Rufani, likala miezi. Mtoto aliyeonekana na kila mtu, na hatukuweza kukubaliana kama ni mtoto!

Mwisho shtaka likabadilishwa kuwa la kuua bila kukusudia, akapata dhamana Januari 2013. Kesi yenyewe ikasikilizwa Oktoba 2017. Alieleza mahakamani kuwa walikuwa wapenzi, kwamba ugomvi ulitokana na simu, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa anapigwa kabla Kanumba hajaanguka. Tarehe 13 Novemba 2017 akahukumiwa miaka miwili jela. Mei 2018 akatoka, akamalizia kwa kifungo cha nje. Mama yake Kanumba alimpoteza mwanawe, hilo halina mjadala, na siandiki haya kuihukumu upya kesi.

Ninachokitaka mimi ni cha nyuma zaidi. Marekani walikuwa na Jackie Coogan, yule mtoto aliyeigiza na Charlie Chaplin kwenye The Kid mwaka 1921. Alipokua akakuta hela zake zimeliwa na mama yake na baba wa kambo, akawashtaki mwaka 1938. Mwaka uliofuata California ikatunga sheria ya kumwekea mtoto msanii sehemu ya mapato yake. Angalau mtu mmoja alipigiwa hesabu. Kwetu, Sheria ya Mtoto inasema kazi ni kuanzia miaka 14. Mwaka inapitishwa, Lulu ndiyo kwanza anatimiza hiyo 14, na kazini alishakuwa na miaka kadhaa. Karibu na 2010 wakaja tena Jenifa na Patrick wa This Is It, tukacheka, tukalia, tukanunua kanda. Mkataba wa mtoto nani alisaini, hatukuuliza.

Lulu hakukwama pale. Foolish Age ilitoka 2013, mwaka ule ule wa dhamana. Machi 2016, kesi ikiwa bado inamngoja, Mapenzi ya Mungu ilimpa tuzo ya AMVCA kule Lagos. Mwaka 2021 aliolewa na Majizzo wa EFM, na sasa ni mama. Miaka 30 ameshavuka.

Nenda Msamvu umtaje Elizabeth Michael, watu watakutazama tu. Sema Lulu. "Aaah, yule mtoto wa Kaole?"