Mali ya Abdulla

Nilijifunza kusoma kwa kanga za nyanya. Zilikuwa zinaanikwa kwenye kamba nyuma ya nyumba yetu hapa Kona ya Musa, kati ya mwembe na banda la kuku, na mi nilikuwa napita chini yake nikitamka herufi moja moja. Yale maneno makubwa, jina lenyewe la kanga, niliyashika haraka. Yaliyonisumbua ni yale madogo ya pembeni: K.H.E. Mali ya Abdulla. Siku moja nikamuuliza, "Nyanya, huyu Abdulla ndiye aliyekupa kanga?"

Nyanya alicheka mpaka akakaa chini. "Anipe nani! Nimenunua kwa pesa zangu. Abdulla mwenyewe hata hanijui."

Nikaona maajabu. Mtu atoe pesa zake, halafu azunguke soko la Ukunda na jina la mtu asiyemjua! Miaka mingi baadaye mimi ndiye niliyekuwa nazunguka na jina la watu nisiowajua. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa nalipwa. Na tofauti nyingine, kubwa zaidi, ilinichukua muda kuiona.

Tuanze na Abdulla. Duka la Kaderdina Hajee Essak lilianzishwa Mombasa mwaka 1887, na mpaka leo ukienda mtaa wa Biashara utalikuta. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Jina ndilo linalomuuza: mwanamke ananunua maneno ambayo anataka jirani, wifi au mume ayasome bila yeye kufungua mdomo. Mfanyabiashara alielewa kwamba hayo maneno yatatembea harusini, matangani, visimani na sokoni, mahali ambapo yeye mwenyewe hafiki. Kwa hiyo akaweka lake dogo pembeni. Mimi nasema hilo ni tangazo, na limebebwa na wanawake wa pwani kwa vizazi. Lakini angalia: jina la mwenye mali liko wazi. Hakuna aliyewahi kudhani kwamba nyanya ndiye aliyebuni ile kanga.

Muziki nao una hesabu yake. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi sahani za santuri kwa HMV. Ukitaka kuuza sahani na mashine za kuzichezea unahitaji sauti ambayo watu tayari wanaiamini, na Siti alikuwa nayo. Waliokuwa wanamsikia kwenye baraza sasa wangeweza kumnunua dukani. Kwenye taarab yenyewe pesa haijawahi kujificha. Mtu akiguswa na ubeti anainuka na noti yake, anakwenda kumtunza mwimbaji mbele ya ukumbi mzima, na kila mtu anajua leo nani anamwimbiwa nani.

Kule Kinshasa walifika mbali zaidi. Wanamuziki wakubwa wa Kongo, kina Koffi Olomidé na JB Mpiana, walizoea kutaja ndani ya wimbo majina ya watu na biashara, na wengi wa wanaotajwa wametoa chochote. Kazi hiyo ina jina kabisa: kurusha libanga, yaani kurusha jiwe. Sisi tuliokuwa tunacheza hizo nyimbo kwenye harusi za Msambweni tulikuwa tunaimba majina ya matajiri wa Kinshasa bila kujua ni kina nani, kama mimi na Abdulla wangu. Lakini msikilizaji wa Kinshasa anajua. Akisikia jina limetupiwa katikati ya wimbo, anajua kuna mkono umeingia mfukoni.

Sasa twende mitandaoni. Blogi za kwanza za Afrika Mashariki hazikuwa na pesa hata kidogo. Ndesanjo Macha, Mtanzania, alianzisha Jikomboe mwaka 2004, miongoni mwa blogi za mwanzo kabisa za Kiswahili. Mwaka uliofuata Muhidin Issa Michuzi naye akafungua yake, akajaza picha za harusi, misiba, viongozi na Watanzania wa ughaibuni. Kenya alikuwepo Ory Okolloh na Kenyan Pundit, na ni kutoka kwa wanablogu wa kizazi hicho ndipo Ushahidi ilizaliwa, kwenye fujo za uchaguzi mwanzoni mwa 2008. Hawa waliandika kwa sababu walikuwa na neno.

Mambo mawili yakabadilisha hali. M-Pesa ilianza Machi 2007, na ghafla ikawezekana kumlipa mtu shilingi mia tano akiwa Lunga Lunga bila cheki wala akaunti ya benki. Kisha 2009 nyaya za baharini zikafika Mombasa, intaneti ikashuka bei kidogo kidogo. Mwaka 2011 wanablogu wa Kenya wakaunda chama chao, BAKE, na 2012 wakaanza kupeana tuzo. Kampuni zikaanza kupiga hodi. Kwanza zilinunua matangazo ya pembeni ya ukurasa, halafu zikagundua kwamba msomaji hatazami pembeni. Anatazama mwandishi. Basi wakataka tangazo liingie kwenye mdomo wa mwandishi.

Utaratibu wenyewe, kwa wale ambao hawajaufanya, uko hivi. Kampuni inampa wakala bajeti. Wakala ana orodha ya watu, kila mmoja na idadi ya wafuasi wake. Unatumiwa maagizo: posti ngapi, siku gani, maneno gani lazima yaonekane, maneno gani ni mwiko. Unaandika, unawatumia waidhinishe, wanakurudishia, unarekebisha. Ukishaposti unapiga picha za takwimu kuonyesha wangapi wameona. Unatuma ankara. Halafu unangoja siku sitini, tisini, wakati mwingine zaidi, huku ukiendelea kuonekana mtandaoni kama mtu anayekula maisha. Wengine hawalipwi pesa kabisa. Wanapewa bidhaa, au wanapewa usiku mbili hotelini na chakula, na hiyo inaitwa kubadilishana. Juu kabisa kuna wachache waliotoboa. Mwaka 2020, wakati wa korona, Azziad Nasenya alicheza Utawezana ya Femi One na Mejja kwa sekunde chache tu na maisha yake yakageuka. Mwaka huohuo Elsa Majimbo alianza kutafuna krispi mbele ya simu yake Nairobi, na chapa za ng'ambo zikaja kumtafuta. Sisi wengine tuliwaangalia hao tukadhani njia ni moja.

Mi niliacha chuo mwaka wa pili, 2019, karo ikiwa imekwama. Nikafungua ukurasa wa mambo ya Diani: wapi pa kula pweza kwa bei ya mwenyeji, jinsi ya kufika Msikiti wa Kongo bila kulipia ziara, kwa nini unapoingia Kaya Kinondo unafunga kaniki na hupigi kelele. Watu wakapenda. Baada ya korona hoteli zilikuwa na vitanda vitupu, na moja ikanialika. Nililala kwenye shuka nyeupe kilomita chache kutoka kwetu, nikaandika kwamba nimepumzika. Sikuandika kwamba sikulipa. Hakuna aliyeniuliza, nami sikuona ubaya.

Novemba 2022, Kombe la Dunia la Qatar likianza, wakala akanipigia. Mteja alikuwa kampuni ya kamari. Posti sita, shilingi elfu kumi na mbili. Nyumbani tulikuwa tunadaiwa dukani na nyanya alikuwa anahitaji dawa za presha. Sikufikiri hata usiku mmoja. Maagizo yalisema iandikwe kama stori, isionekane tangazo. Basi nikaandika stori: ati nimeweka mia, nimepata elfu tatu, nimemnunulia nyanya kanga. Sikuwa nimeweka hata shilingi.

Januari, kwenye steji ya boda hapa Kona ya Musa, jamaa mmoja ninayemjua tangu madrasa aliniita pembeni. Hakuwa na pikipiki, alikuwa amekaa tu. Akaniambia ameliwa elfu kumi na tisa, pesa alizokopa kwenye chama ili alipie deposti ya pikipiki. Alipocheza mara ya kwanza ilikuwa baada ya kusoma stori yangu. Nilingoja anitukane. Akasema kwa upole kabisa, "Dadangu, wewe umesoma. Nikajiambia huyu hawezi kuweka kitu cha uongo."

Mimi ambaye hata chuo sikumaliza. Na ile elfu kumi na mbili yenyewe ilikuwa haijaingia. Iliingia Februari.

Baadaye nikasoma utafiti wa Mozilla Foundation uliotolewa Septemba 2021 kuhusu hashtegi za kulipwa Twitter ya Kenya. Uliandika jinsi vijana walivyopangwa kwenye makundi ya WhatsApp, wakatumiwa maneno ya kunakili, wakalipwa kwa M-Pesa ili kuwachafua majaji na wanaharakati wakati wa mvutano wa BBI. Malipo yalikuwa kati ya dola 10 na 15 kwa kushiriki kampeni tatu kwa siku. Niliposoma hapo nilipata baridi, kwa sababu niliutambua utaratibu. Ni uleule. Kundi, maagizo, saa ya kuposti, picha za takwimu. Bomba likishajengwa kupitisha sabuni, linapitisha chochote. Anayelipa hajulikani, na kutojulikana kwake ndiyo bidhaa yenyewe.

Serikali ilipoamka, iliamkia kodi. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipopendekezwa ilitaka kukata asilimia 15 ya mapato ya kontenti za mtandaoni; ilipopita ikawa asilimia 5 kwa mkazi wa Kenya, kuanzia Julai mwaka huo. Ndani yake kazi yetu ikapata maelezo ya kisheria: mtunga kontenti kushirikiana na chapa kwa faida ya kifedha. Kuhusu kamari, bodi ya leseni ilijaribu kuzuia watu maarufu kuitangaza mwaka 2019, kesi zikapelekwa kortini na matangazo yakaendelea. Mei 2025 serikali ikarudi na masharti mapya yanayowakataza watu maarufu na washawishi wa mitandaoni kuipigia debe. Nilifurahi, ila nilijua wale wa steji yetu wameshachelewa.

Sisemi kulipwa ni dhambi. Siti alilipwa, wanaorusha libanga wanalipwa, na Abdulla hakuchapa kanga kwa kutafuta thawabu. Ninachosema ni kwamba kote huko mwenye mali alionekana: kwenye pindo, kwenye noti iliyoinuliwa ukumbini, kwenye jina lililotajwa. Sisi ndio tuliokubali kulipwa ili tulifute.

Siku hizi kila ninachoandika kwa malipo naanza na sentensi moja: nimelipwa kuandika hii, na aliyelipa ni fulani. Wakala wawili wameniacha. Mmoja aliniambia, "Ukianza hivyo nani atakuamini?" Kazi zimepungua, na kuna miezi naishi kwa kutafsiri menyu za mikahawa ya Diani.

Yule jamaa nimemrudishia elfu saba mpaka sasa. Hakuniomba. Mara ya kwanza alikataa, akasema mchezo aliucheza yeye kwa mkono wake. Nikamwambia achukue, kumi na mbili ikitimia tutazungumza. Nyanya hajui habari hizi zote. Anajua tu kwamba ile kanga niliyoandika nimemnunulia, sikumnunulia. Jirani alimsomea posti ile, naye akanijia na swali: "We mjukuu wangu, hiyo kanga iko wapi?"

Nilimnunulia mwezi uliofuata, mtaa wa Biashara. Akaigeuza, akatafuta maneno ya pembeni kabla ya jina. Akayaona, akaifunga.