Nani Bahili? Wakfu wa Dhuria na Kipimo cha Ukarimu katika Uislamu

Mwaka 1894 majaji wa Privy Council mjini London, mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni ya Uingereza, waliamua shauri lililotoka Bengali. Ndugu wawili Waislamu walikuwa wameiweka mali yao wakfu kwa ajili ya watoto wao na vizazi vyao, na mafukara wakatajwa kuwa wangeipata pale tu ambapo kizazi hicho kingekatika. Wakfu huo ukabatilishwa. Katika hukumu hiyo, inayojulikana kwa jina la Abul Fata, Lord Hobhouse hakuishia kwenye kanuni za fikihi. Alistaajabu kuambiwa kwamba Mtume angeweza kuusifu utoaji ambao mtoaji hajinyimi kitu, anatoa kwa mkono mmoja na kurudisha kwa mwingine. India ilijinasua kwa sheria ya mwaka 1913, iliyopelekwa kwenye baraza la kutunga sheria na Muhammad Ali Jinnah, lakini hukumu yenyewe ilikwisha kuvuka bahari. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mahakama ileile ya London iliifuata tena katika shauri la wakfu lililotoka Kenya. Sheria zimebadilika tangu hapo, ila hoja imebaki, na leo wanaoirudia ni Waislamu wenyewe: kwamba wakfu wa dhuria, yaani wa vizazi vya mtoaji, ni ubahili uliovaa kanzu. Nakusudia kuonyesha kwamba kipimo kilichotumika kufikia kauli hiyo si cha Uislamu. Simaanishi kwamba waliofunga wakfu za namna hiyo wote ni wasafi.

Kwamba sadaka huanza na walio karibu hakuna anayebisha, wala hapahitaji maneno mengi. Aya ya 215 ya Suratul Baqara inataja wazazi na jamaa kabla ya mayatima, maskini na wasafiri. Abu Talha alipotaka kuitoa bustani yake ya Bayruha, mali aliyoipenda kuliko zote, Mtume ndiye aliyemshauri awape jamaa zake, naye akawagawia. Ubishi uko kwingine. Timur Kuran, katika kitabu chake kuhusu uchumi wa Mashariki ya Kati, anauona wakfu kuwa ni ngome ya wenye mali dhidi ya watawala waliokuwa wepesi wa kunyang'anya. Sina haja ya kumpinga juu ya nia za waliofunga wakfu, kwa kuwa mtu huweza kuiogopa serikali na kuwapenda wanawe kwa wakati mmoja. Lakini kujua mtu alikimbia nini hakutuambii kama alichokitoa ni ukarimu au ni ubahili. Kwa hilo tunahitaji ushahidi wa mtu aliyeitwa bahili mbele ya Mtume, na tuone aliitwa hivyo kwa kosa gani.

Ushahidi huo upo katika hadithi ya Hindi binti Utba, iliyosimuliwa na Bibi Aisha na kupokewa na Bukhari na Muslim. Hindi alikwenda kwa Mtume kumshtaki mumewe, Abu Sufyani, kwamba ni mtu bahili: hampi masurufu ya kumtosha yeye na watoto wake, isipokuwa kile anachochukua mwenyewe bila mume kujua. Mtume akamruhusu achukue cha kumtosha yeye na wanawe kwa kadiri ya ada. Tumtazame mshtakiwa. Abu Sufyani alikuwa mkuu wa Makureshi, mwenye misafara ya biashara iliyokwenda Shamu, na katika jamii ile mkuu asiyelisha wageni hakudumu katika ukuu wake. Shtaka la mkewe halimtaji mgeni aliyefukuzwa wala ombaomba aliyerudishwa mikono mitupu. Ubahili wake umepimwa jikoni kwake, kwa watu wenye haki juu ya mali yake. Na dawa aliyopewa mlalamikaji inaeleza zaidi kuliko shtaka lenyewe. Mume hakuhimizwa ajinyime ili apate thawabu; mke aliruhusiwa kuchukua, jambo lisilowezekana ila kama fungu lile lilikuwa lake tangu awali. Bahili hapa ni mtu aliyeshika cha mwenziwe. Maana hiyo inakaa vizuri na aya ya 19 ya Suratu Dhariyat, inayosema kwamba ndani ya mali za wachamungu mna haki ya mwombaji na ya aliyenyimwa.

Kuna atakayejibu kwamba Hindi alidai matunzo, ambayo ni wajibu, na kuyazuia ni dhuluma. Ubahili uachiwe uwanja wa hiari. Jibu la kwanza analo Imamu Nawawi, ambaye katika Riyadhu Swalihina ameiweka hadithi hii miongoni mwa dalili za mahali ambapo kumtaja mtu kwa aibu yake kunaruhusiwa. Dalili hiyo haisimami kama sifa aliyopewa Abu Sufyani haikuhusu kosa aliloshtakiwa. Jibu la pili ni kwamba zakati nayo ni wajibu, na bado aya ya 180 ya Suratu Aal Imran, inayowatisha wanaofanya ubahili, wafasiri wengi wameielekeza kwa asiyetoa zakati. Pingamizi zito zaidi ni aya ya 9 ya Suratul Hashr, inayowasifu Ansari kwa kuwatanguliza wengine hali wao wenyewe ni wahitaji. Hapo Hobhouse angepata dalili ya kujinyima kwake, lau angeitafuta. Hata hivyo, sifa ya Ansari ni kilele, na sheria haijengwi juu ya kilele. Suratul Israa inakataza mkono uliofungwa shingoni na inakataza pia uliokunjuliwa wote. Saad bin Abi Waqqas, alipotaka kuusia sehemu kubwa ya mali yake, alizuiwa asivuke theluthi, akaambiwa kwamba kuwaacha warithi wakiwa na uwezo ni bora kuliko kuwaacha wakiomba watu.

Kipimo hiki hakimpi mfunga wakfu nafuu anayoitarajia. Wakfu uliompa mtoto wa kiume kodi za nyumba na kumwacha binti nje, au uliofungwa ili wadai wasilipwe, ni ubahili, na ni mbaya kuliko ule aliouona Hobhouse, kwa sababu hapa yuko mtu mahususi aliyenyimwa chake. Bashiri alipomzawadia mwanawe Nuumani peke yake na kumtaka Mtume awe shahidi, aliulizwa kama amewapa wanawe wote vivyo hivyo, na ushahidi ukakataliwa. Syria ilipofuta wakfu wa dhuria mwaka 1949, na Misri mwaka 1952, malalamiko ya namna hii yalikuwa miongoni mwa yaliyosikika, ingawa huko siasa ya ardhi ilikuwa na nguvu zake, na kufuta wakfu wote ili kumwokoa binti ni kutumia shoka pale penye kazi ya wembe. Upande wa pili wapo watumwa walioachwa huru Zanzibar, waliowekewa wakfu na mabwana zao wa zamani. Kwa hesabu ya London hao ni watu wa nyumbani, si mafukara kwa jumla. Kwa hesabu ya Suratun Nisaa aya ya 8, inayotaka hata jamaa wasiorithi wapewe kitu wanapohudhuria mgawanyo, kuwakumbuka walio karibu wasio na fungu ni ukarimu usio na shaka.

Kwa hiyo swali lililoulizwa mwaka 1894, maskini watapata kiasi gani na lini, lilikuwa swali la pili. Kadhi na makamishna wa wakfu wa pwani yetu wanapofungua hati ya zamani, waanze kwa kuuliza ni nani aliyekuwa na haki siku ilipoandikwa na jina lake halimo. Hati isiyo na mtu wa namna hiyo ibaki, hata kama senti yake ya kwanza haijamfikia fukara. Yenye mtu huyo irekebishwe, hata kama mapato yake yamejenga msikiti.