Hatari za kuchukua akiba ya uzeeni kabla ya wakati

KATIKA miji ya Thika na Ruiru, mfanyakazi anayepoteza ajira aghalabu huuliza swali moja kwanza: ataipata lini akiba yake ya uzeeni? Swali hilo ni la haki, kwani pesa hizo ni jasho lake. Karo haingoji, wala mwenye nyumba hangoji. Hata hivyo, uamuzi wa haraka waweza kumgharimu mtu utulivu wa uzee wake wote.

Makala haya yanaeleza yale ambayo sheria inaruhusu, yale inayokataza, na hasara zinazomkabili anayetafuta njia za mkato.

Akiba yenyewe

Mwajiriwa wa sekta rasmi huweza kuwa na akiba za aina mbili. Ya kwanza ni ile ya Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni, NSSF, iliyoanzishwa mwaka wa 1965. Kwa miaka mingi mchango wa mfanyakazi haukuzidi Sh200 kwa mwezi. Sheria ya mwaka wa 2013, ambayo utekelezaji wake ulicheleweshwa na kesi mahakamani hadi Februari 2023, ilibadili hali hiyo. Sasa mfanyakazi hukatwa asilimia 6 ya mshahara, na mwajiri huongeza kiasi kama hicho, hadi kikomo kilichowekwa kupandishwa kwa awamu.

Aina ya pili ni mfuko wa kampuni, au ule ambao mtu hujiunga nao binafsi. Mifuko hii husimamiwa na Mamlaka ya Malipo ya Uzeeni, RBA, iliyobuniwa chini ya sheria ya mwaka wa 1997.

Wengi katika viwanda vya nguo, chuma, vyakula na mafuta ya kupikia kati ya Ruiru na Thika wana akiba ya kwanza pekee. Wenye bahati wana zote mbili. Ni muhimu kutofautisha, kwa kuwa masharti si sawa.

Sheria yasemaje

Umri wa kustaafu katika NSSF ni miaka 60, ingawa aliyetimiza miaka 50 na kuacha kazi anaweza kudai malipo yake. Kuachishwa kazi pekee, kwa mtu wa miaka 35, si sababu ya kulipwa. Sababu nyingine zinazokubaliwa ni kutoweza tena kufanya kazi kutokana na maradhi au ulemavu, na kuihama nchi kabisa. Mwanachama akifariki, walio nyuma yake hulipwa.

Katika mifuko ya kampuni, anayeacha kazi kabla ya umri wa kustaafu huweza kupewa sehemu ya akiba yake. Hata hivyo, sehemu ya mchango wa mwajiri hufungiwa hadi wakati wa kustaafu utakapowadia. Shabaha ya kufuli hiyo ni kuhakikisha kwamba mzee hafiki miaka 60 akiwa mikono mitupu.

Hasara ya muda

Hasara kubwa zaidi haionekani siku ya kulipwa. Chukua mfano wa mfanyakazi mwenye umri wa miaka 35 aliye na Sh400,000 katika mfuko wake. Tuseme mfuko unampa faida ya asilimia 8 kila mwaka, nayo faida hiyo haiguswi. Akifika miaka 44, pesa hizo zitakuwa takriban Sh800,000. Akifika miaka 53, zitakaribia Sh1.6 milioni. Atakapotimiza miaka 60, zitakuwa takriban Sh2.7 milioni, hata bila kuongeza senti moja.

Ni kweli kwamba mfumko wa bei utapunguza thamani ya pesa hizo, na hakuna mfuko unaoweza kuahidi faida ile ile kila mwaka. Lakini hesabu inabaki na funzo lake: anayechukua Sh400,000 leo hapotezi Sh400,000 tu, anapoteza pia zote ambazo zingezaliwa nazo. Isitoshe, miaka ya mwisho ndiyo yenye mavuno makubwa.

Hasara ya ushuru

Mabadiliko ya sheria za ushuru yaliyoanza kutumika mwishoni mwa Desemba 2024 yaliondoa ushuru kwa malipo ya mwanachama aliyefikia umri wa kustaafu, anayeondoka kwa sababu ya afya, au aliyedumu katika mfuko kwa miaka 20. Anayechukua pesa zake mapema nje ya hali hizo haupati msamaha huo. Viwango vya ushuru wa mapato nchini huanzia asilimia 10 hadi asilimia 35. Kabla ya kutia sahihi fomu, mwanachama anapaswa kuwauliza wasimamizi wa mfuko: baada ya ushuru, nitapokea ngapi mkononi?

Mawakala na hati za uongo

Penye dhiki hapakosi walaghai. Wapo wanaojitokeza wakidai wana mtu wao ndani ya ofisi, na kwamba kwa ada ndogo watamsaidia mteja kulipwa kabla ya umri. Wengine humshauri aseme anahamia ng'ambo daima, ilhali anakwenda Ghuba kwa kandarasi ya miaka miwili. Kutoa maelezo ya uongo ili kulipwa mafao ni kosa la jinai, na atakayejibu mashtaka ni yule aliyetia sahihi.

Kudai mafao ya NSSF hakulipiwi ada. Anayeitisha pesa kwa simu, au nambari ya siri, au nakala ya kitambulisho, hafai kuaminiwa. Vilevile, sheria hairuhusu mafao kuwekwa rehani kwa mkopo wa kawaida, wala kutwaliwa na anayekudai. Mkopeshaji anayedai kuinunua pensheni yako anauza kisichouzika.

Pesa huenda wapi?

Tangu barabara kuu ya Thika ilipopanuliwa na kuzinduliwa mwaka wa 2012, mashamba mengi ya kahawa kuzunguka Ruiru yamegeuka ploti. Aliyepokea kitita hushawishika upesi. Lakini ploti isiyo na hatimiliki halali yaweza kummeza mtu akiba ya miaka 15 kwa siku moja.

Wakazi wa Thika wanakumbuka pia kisa cha Ekeza Sacco, iliyofutiwa usajili mwaka wa 2018 huku wanachama wengi wakilia kwamba hawawezi kupata pesa zao. Akiba ikitoka katika mfuko unaosimamiwa na RBA, kinga ya sheria ya mifuko haiifuati inakokwenda.

Njia zilizo salama

Anayebadili kazi anaweza kuhamisha akiba yake hadi mfuko wa mwajiri mpya au mfuko wa binafsi, na hivyo kuendelea kuikuza.

Anayetafuta makao anaweza kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yake, isiyozidi Sh7 milioni, kununua nyumba ya kuishi chini ya kanuni za mwaka wa 2020. Anaweza pia kuifanya hadi asilimia 60 ya akiba hiyo kuwa dhamana ya mkopo wa nyumba. Huu ndio msamaha pekee katika marufuku ya rehani.

Mwenye dhiki ya muda afikirie kwanza mkopo wa chama cha ushirika kilichosajiliwa, au kuzungumza na shule na mwenye nyumba kuhusu kulipa kwa awamu. Na asiyeridhika na uamuzi wa mfuko wake ana haki ya kulalamika kwa RBA, kisha kwa jopo la rufaa la malipo ya uzeeni.

Ikiwa hapana budi kuchukua sehemu inayoruhusiwa, mwanachama achukue kile tu anachohitaji, na kinachobaki akiache mfukoni.