Sangara Aliletwa
Huku Isingiro, Kyerwa, Ziwa Victoria li mbali, ila kitoweo chake tunakipata sokoni. Basi na historia yake inatuhusu. Sangara si mwenyeji wa ziwa lile. Maofisa wa kikoloni upande wa Uganda walimpandikiza miaka ya 1950, wakimtoa Ziwa Albert, eti awageuze furu wadogo kuwa minofu, na wazungu wa mishipi wapate windo la maana. Mtaalamu Geoffrey Fryer alionya mwaka 1960. Wapi! Miaka ya 1980 furu wakatoweka, aina nyingi mno. Leo mtalii hulipia mashua kisiwani Rubondo akamvue sangara kwa starehe. Fedha inaingia, sikatai. Lakini wale waliokula furu, nani aliwauliza?