NENO MOJA, MISIBA MIWILI



Ndugu zangu katika imani, wiki hii kijana mmoja wa darsa letu alinitumia ujumbe unaosema Mayahudi wote ni wadudu. Akaniomba niusambaze. Nimekataa, na sababu yangu imo katika historia.

Jumamosi ya tarehe 27 Oktoba 2018, mjini Pittsburgh, Marekani, Mayahudi walikuwa katika ibada ya Sabato. Akaingia mtu mwenye bunduki, akaua watu 11. Mmoja wao alikuwa bibi wa miaka 97. Muda mfupi kabla ya hapo muuaji aliandika mtandaoni, akililaumu shirika la Kiyahudi la HIAS. Kosa lake? Linasaidia wakimbizi, na Waislamu wamo. Wakimbizi hao aliwaita "wavamizi".

Lishike neno hilo. Haikutimia miezi mitano. Ijumaa ya tarehe 15 Machi 2019, huko Christchurch, New Zealand, mtu mwingine aliingia Msikiti wa Al Noor, kisha akaenda wa Linwood. Ndugu zetu 51 wakauawa. Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raaji'uun. Alirusha mauaji hayo moja kwa moja kupitia Facebook. Na katika waraka wake, sisi Waislamu alituitaje? Wavamizi.

Umeona? Neno ni lile lile. Tume ya New Zealand iliyochunguza ilibaini kuwa mtu huyo alilishwa chuki mtandaoni, YouTube ikiwemo. Alianza kwa kusoma na kutazama, kama tunavyofanya sisi usiku tukiwa na simu kitandani.

Utaniuliza: Sheikh, na Palestina je? Dai haki ya Wapalestina, tena kwa sauti. Lakini dhulma ya watawala na majeshi usimtwishe bibi aliyekwenda kuabudu. Mtume wetu (s.a.w.) alisimama lilipopita jeneza la Myahudi, na alipoulizwa akawakumbusha Maswahaba kuwa naye ni nafsi.

Waislamu wa Marekani waliwachangia wafiwa wa Pittsburgh zaidi ya dola 200,000. Ulipofika msiba wa Christchurch, Mayahudi wa Pittsburgh nao wakatuchangia.

Ndugu yangu, ulimi utaulizwa, na kidole kinachosambaza kitaulizwa. Yule kijana nimekaa naye, na ujumbe ameufuta. Wewe je, simu yako ina nini?

Wallaahu a'lam.